Matanga Yasiyoondolewa: Uhakiki wa Senema ya "Footloose"

Senema iitwayo Footloose ilitolewa Marekani mwezi wa Februari 1984. Mwongozaji wake alikuwa Herbert Ross, na maandishi yake, pamoja na maneno ya nyimbo zake, yalitoka katika kalamu ya Dean Pitchford. Tangu hapo imehesabiwa katika zile picha chache za vijana na dansi ambazo sifa zake huwafikia watu kabla picha zenyewe hazijawafikia. Anayeitazama leo kwa mara ya kwanza aghalabu amekwisha kuusikia wimbo wake mkuu, ulioimbwa na Kenny Loggins, ama redioni ama arusini. Na amekwisha kuambiwa kwamba ni hadithi ya kijana aliyeingia katika mji ambamo dansi imepigwa marufuku, akaushinda mji huo kwa miguu yake. Sifa hiyo si ya uongo, walakini haikutimia. Mtazamaji anayekwenda na sifa hiyo peke yake hukuta mbele yake jambo ambalo hakuandaliwa kulikuta.

Jambo lenyewe ni kwamba katika senema hii dansi ni chache kuliko kilio. Ugomvi wa vijana na wazee, ambao ndio unaotajwa siku zote, ni ganda la nje; ndani yake mna mji uliowekewa matanga, na wala hapana mtu aliyepewa idhini ya kuyaondoa. Uhakiki huu wakusudia kuonyesha ya kuwa kwa kuisoma kama hadithi ya matanga, na si hadithi ya dansi tu, sehemu zake nyingi zilizoonekana kuwa dhaifu hupata maana. Na tena kwamba udhaifu wake wa kweli upo mahali pengine, ambapo wenye kuisifu na wenye kuilaumu hawapatazami sana.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Ren McCormack, mchezo wake Kevin Bacon, ni kijana wa shule aliyezoea maisha ya mji mkubwa wa Chicago. Baba yake amewaacha, naye na mama yake wanahamia mji mdogo wa Bomont kukaa na jamaa zao. Huko anaambiwa ya kwamba kucheza dansi ni kosa kwa amri ya baraza la mji. Aliyeishawishi amri hiyo ni mchungaji Shaw Moore, mchezo wake John Lithgow. Na binti wa mchungaji, Ariel, mchezo wake Lori Singer, ndiye anayevuka mipaka ya baba yake kuliko wote. Ren anapata rafiki mmoja wa kweli, Willard, kijana wa shamba asiyejua kucheza hata kidogo. Wanafunzi wa darasa la mwisho wanataka dansi yao ya kuagana. Ren anakwenda mbele ya baraza kuwaombea, anashindwa kwa kura, na mwisho dansi inafanyika katika kinu cha nafaka kilichoko nje kidogo ya mpaka wa mji.

Namna picha inavyofunguliwa yastahili kuangaliwa. Kwanza huonekana miguu mitupu ya wachezaji: viatu vya kila namna, vya kiume na vya kike, vikicheza wimbo mkuu, pasipo uso hata mmoja. Mara baada ya hapo mtazamaji hutiwa kanisani, na hapo ni nyuso tupu: watu wameketi safu kwa safu, kimya, na mchungaji mimbarini anauhubiri uovu wa muziki wa siku hizi. Miguu isiyo na nyuso, kisha nyuso ambazo miguu yake haionekani. Mwongozaji amekwisha kuieleza kazi nzima kwa dakika chache, bila ya neno la maelezo: hawa ni watu walewale mmoja waliogawanywa vipande viwili, na hadithi itatafuta namna ya kuviunga. Herbert Ross alikuwa mpangaji wa dansi kabla ya kuwa mwongozaji wa senema, na mkono wa mtu aliyezoea kusema kwa viungo vya mwili huonekana hapa zaidi kuliko katika mazungumzo.

Hadithi haikutungwa hewani. Katika jimbo la Oklahoma kuna mji mdogo uitwao Elmore City, ambao ulikuwa na sheria ya kukataza dansi hadharani tangu mwaka 1898, yaani kabla Oklahoma yenyewe haijawa jimbo la Marekani mwaka 1907. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule ya mji huo waliomba wawe na dansi yao. Palikuwa na mabishano, wakuu wa dini walipinga, na mwisho wakapewa ruhusa. Pitchford alipata mbegu yake huko. Lakini kulinganisha mbegu na mti ni jambo lenye faida, kwa sababu mwandishi amebadili mambo mawili makubwa. Kwanza, sheria ya Elmore City ilikuwa ya kale, nayo ilirithiwa na watu ambao hawakuitunga. Sheria ya Bomont ni changa, na aliyeisukuma yu hai, anahubiri kila Jumapili. Pili, huko Elmore City vijana walipata walichokiomba kwa njia ya halali ya mashauri na kura. Huko Bomont kura imewakatalia.

Mabadiliko hayo si ya kupamba tu. Lau Pitchford angaliacha sheria iwe ya mwaka 1898, senema ingalikuwa dhihaka juu ya watu wa kale, na mtazamaji angalicheka, akaenda zake. Kwa kuifanya sheria iwe changa amelazimika kuipa sababu, na sababu aliyoipa ni kifo. Katikati ya picha, vijana wanne wanarudi usiku kutoka katika kilabu cha mbali walikokwenda kucheza. Wanafika darajani, na hapo Ariel anaeleza kwamba kaka yake alikufa mahali hapo katika ajali ya gari, baada ya usiku wa dansi na ulevi. Baba yake ndiye aliyelishawishi baraza kukataza ulevi na dansi pamoja. Tangu hapo mtazamaji hawezi tena kuitazama amri ile kama upuzi. Ni amri ya mzazi aliyefiwa.

Wasomaji wa Kiswahili wana neno la jambo hili ambalo Kiingereza hakina la kulilingana. Matanga si huzuni. Huzuni ni ya moyo, wala haina tarehe. Matanga ni mpango wa huzuni: yana siku zake za kukaa, yana vitu vinavyoachwa kwa muda huo, na ngoma ni mojawapo ya vitu hivyo, tena yana siku yake ya kuondolewa, na watu wanaoyaondoa. Hekima ya desturi hii ni kwamba aliyefiwa haachiwi yeye peke yake kuamua msiba wake utakwisha lini. Wenziwe humkalia, kisha wenziwe humwinua. Kuondoa matanga si kumsahau maiti, bali ni kumrudisha mfiwa kwa walio hai. Yule ambaye matanga yake hayakuondolewa hubaki katikati, si wa huku wala si wa kule.

Bomont ni mji ulioanza matanga ukakosa mtu wa kuyaondoa. Sababu yake imefichwa ndani ya cheo cha mfiwa mwenyewe. Katika mji huu anayewafariji waliofiwa ni mchungaji. Basi mchungaji akifiwa, nani atamfariji? Moore alisimama mimbarini akiwa na jeraha lake, na waumini wakalichukua jeraha hilo kuwa ni mafundisho. Alilolihitaji kama baba akalitoa kama sheria. Huo ndio undani wa mtu huyu, na Lithgow ameucheza kwa adabu kubwa. Hakumfanya Moore kuwa jitu la kutisha, wala mnafiki. Sauti yake hupanda kanisani na kushuka nyumbani. Mimbarini maneno hayamwishi, lakini akiwa na binti yake hana neno. Mkewe Vi, mchezo wake Dianne Wiest, amenyamaza kwa miaka mingi kama ilivyompasa mke wa mchungaji, na anapofungua kinywa chake humwambia jambo hilihili: kwamba kuwainua watu wengi kwa mara moja anakuweza, ila kukabili mtu mmoja mmoja ndiko kunakomshinda. Wiest hana nafasi kubwa katika picha, lakini uzito wa nyumba ile umo machoni mwake.

Ariel naye yumo katika matanga hayohayo, ila kwa upande wa pili. Mtazamaji wa mara ya kwanza humdhania kuwa ni msichana mtundu tu. Mwanzoni mwa picha anasimama kati ya magari mawili yanayokwenda kasi, mguu huku na mguu kule, na lori linawajia mbele. Baadaye anasimama katika njia ya gari moshi akipiga kelele mpaka dakika ya mwisho. Mambo haya yakitazamwa mbali na kisa cha daraja ni ujasiri wa senema usio na sababu. Yakitazamwa baada ya daraja, ni dada anayemfuata kaka yake. Baba amezuia dansi kwa sababu dansi ilimpeleka mwana kwenye kifo. Binti aliyezuiliwa dansi anakiendea kifo chenyewe. Hapo ndipo amri ya Moore inapokanushwa kwa nguvu zaidi kuliko hotuba yoyote, na inakanushwa ndani ya nyumba yake.

Baada ya kusema hayo yafaa kuutazama mkutano wa baraza, ambao ndio kilele cha hoja. Ren anasimama mbele ya wazee, na karatasi yake mkononi, na mtazamaji anangojea asikie maneno ya uhuru na haki za vijana. Badala yake kijana anasoma Maandiko. Anataja Zaburi ya 149, inayowataka watu wamsifu Mungu kwa kucheza. Anataja habari za mfalme Daudi aliyecheza mbele za Bwana, katika kitabu cha pili cha Samweli. Na anataja Mhubiri, mlango wa 3, unaoyapanga majira ya mambo yote, ya maombolezo na ya kucheza. Aliyempa sehemu hizo za Biblia ni Ariel. Kwa hiyo silaha iliyoletwa mbele ya mchungaji ilitoka nyumbani kwake, na kijana mgeni alikuwa mchukuzi tu. Senema haiidhihaki dini hapa, kama wengi walivyodhani. Inaitaka dini isome kitabu chake chote.

Kati ya sehemu hizo tatu, iliyo na uzito ni ya Mhubiri. Zaburi na Daudi zathibitisha kwamba kucheza si dhambi, na pengine Moore angeweza kulikubali hilo bila ya kubadili lolote. Lakini Mhubiri anasema juu ya wakati. Hakanushi kuomboleza, akupa mahali pake, kisha akupa na mpaka. Hilo ndilo ambalo Bomont imelikosa. Ren hakuwaambia wazee kwamba msiba wao ni uongo. Aliwaambia kwamba wakati wake umepita, na wakati mwingine umefika. Kijana aliyeonekana kutetea dansi kwa kweli aliomba matanga yaondolewe.

Kwa wanaoshughulika na lugha na tafsiri, mkutano huu una fundisho. Katika Kiebrania sehemu hizo tatu zatumia maneno matatu mbalimbali, kila moja na picha yake ya mwendo wa mwili. Tafsiri ya kale ya Kiingereza imeyaleta yote chini ya neno moja, na hoja ya Ren yategemea umoja huo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, nayo imefanya vivyo hivyo: pote patatu imetumia kitenzi cha kucheza. Basi mtu akitaka kuisimulia Footloose kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wale wasimulizi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotia sauti zao juu ya picha za kigeni, achague maneno yake kwa uangalifu. Akisema kuwa baraza limekataza "dansi", kisha Daudi "akacheza", kamba ya hoja imekatika. Wazee wa Bomont wataweza kujibu kwamba Daudi hakupiga dansi. Akisema kuwa wamekataza "ngoma", amekaribia zaidi, kwa kuwa ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni mkutano wa watu wenyewe; lakini neno hilo litaleta mambo ya unyago na ya pepo ambayo hayamo Bomont. Kitenzi cha kucheza, kilichokubaliwa na Biblia, ndicho kitakachofaa toka mwanzo hadi mwisho.

Tena kitenzi hicho kina faida ambayo Kiingereza hakina. Mswahili hucheza ngoma, hucheza mpira, hucheza karata. Na mtu asiyejali hatari huambiwa anacheza na mauti. Katika Kiswahili, basi, yale mawili yaliyo mbali katika lugha ya asili huja pamoja: Ariel, aliyekatazwa kucheza, anacheza na mauti. Msimulizi mwenye sikio hatahitaji kuongeza maelezo. Lugha yenyewe itakuwa imemtolea ushahidi.

Ama kuhusu dansi zenyewe, si haba kukiri kwamba ile inayosifiwa zaidi ndiyo dhaifu zaidi. Ren, amejaa hasira, anaingia katika bohari tupu, anacheza peke yake, anaruka, anajitupa, anazunguka katika vyuma kama mtu wa sarakasi. Bacon mwenyewe amekwisha kueleza hadharani ya kuwa sehemu ya michezo hiyo ilichezwa na watu wengine kwa niaba yake, na mtazamaji makini aweza kuona jinsi picha zilivyokatwa na kuungwa ili uso usionekane pale mwili unapofanya kazi kubwa. Kasoro hiyo ya ufundi si neno. Senema nyingi hufanya hivyo. Kasoro iliyo kubwa ni kwamba hasira ya kijana imegeuzwa kuwa maonyesho. Mtu aliyekasirika kweli hachezi vizuri kiasi hicho. Mtindo wa picha fupifupi za kuuzia nyimbo, uliokuwa umeshika nguvu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeingia hapa bila ya kubisha hodi.

Dansi iliyo bora ni ya Willard. Chris Penn amemcheza kijana huyu mnene wa mwili na mwepesi wa ngumi, ambaye hawezi kupata mapigo mawili mfululizo. Ren anamfundisha, kwa wimbo ulioimbwa na Deniece Williams, na mafundisho yanaendelea siku nyingi: vidole vinajaribu kupiga mapigo, miguu inakataa, uso unaona haya. Kisha siku moja mwili unakubali. Hapa mwongozaji hakuficha kitu, wala hapakuhitajiwa mchezaji wa badala, kwa sababu kinachoonyeshwa ni kujifunza, na kujifunza hakuna ustadi wa kughushi. Yaonyesha pia ni kitu gani kilichoibwa na amri ya mji. Vijana hawa hawakunyimwa furaha tu. Walinyimwa maarifa ambayo wakubwa wao walikuwa nayo, na ambayo kwa desturi hupokezwa na mkubwa kwa mdogo. Mji uliokataza dansi kwa miaka michache umekwisha kulea kijana asiyejua afanyeje na mikono yake mbele ya msichana anayempenda. Ndiyo maana dansi ya mwisho inapoanza, ukumbi umepambwa na muziki unapigwa, wavulana wamesimama upande mmoja na wasichana upande mwingine, na hakuna anayethubutu kuingia katikati. Ruhusa imepatikana, lakini miguu imesahau.

Kuhusu kinu hicho kuna la kusemwa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Vijana wa Bomont hawakucheza kwao. Kinu kiko upande wa pili wa mpaka, mahali ambapo amri ya baraza haifiki, na mwenye kinu ndiye aliyemfungua Ren macho kwamba kura zilikuwa mfukoni mwa mchungaji tangu kabla ya mkutano. Kwa hiyo sheria ya Bomont haikufutwa. Dansi imepatikana kwa hila ya mpaka, pamoja na baraka ya mtu mmoja. Kabla ya siku hiyo Moore amewakuta waumini wake wakichoma vitabu vya maktaba, akawazuia na kuwarudisha makwao. Ameona mbegu yake inazaa nini mikononi mwa watu wasio na msiba wake. Jumapili iliyofuata aliungama mimbarini kwamba moyo wake una mashaka, akawataka watu wawaombee vijana wanaoandaa dansi. Ni sehemu nzuri sana. Moore hakutangaza kwamba alikosea hesabu za dhambi. Alikiri kwamba watoto wasioaminiwa hawawezi kujifunza uaminifu.

Hapo penye uzuri ndipo penye udhaifu. Kwanza, ikiwa matanga yalikuwa ya mji mzima, mbona yameondolewa na nyumba moja? Kaka wa Ariel hakufa peke yake. Palikuwa na wenziwe garini, na wazazi wao walikubali amri ile kwa sababu zao. Kamera haiingii katika nyumba zao. Watu hao huonekana barazani kama wapiga kura na mbele ya moto kama wachoma vitabu, yaani huonekana tu pale wanapochukiza. Mfiwa aliye na cheo amepewa nafsi. Wafiwa wasio na cheo wamepewa mikono tu. Pili, kijana Chuck, mchumba wa kwanza wa Ariel, ameletwa ili pawe na mtu wa kupigwa. Ngumi za nje ya kinu usiku wa dansi hazina uhusiano wowote na daraja, wala na baraza, wala na Mhubiri. Ni deni ambalo mwandishi alidhani analiwia soko. Tatu, kwa kuacha sheria isimame, senema imetoa fundisho lililo hafifu kuliko lile la Elmore City yenyewe. Huko watu walibishana, wakahesabiana, wakakubali kuishi na matokeo. Bomont imefundishwa kungoja moyo wa mkubwa ulainike.

Mwaka 2011 hadithi hii ilitolewa upya, ikiongozwa na Craig Brewer, na mji umehamishiwa jimbo la Georgia. Kuilinganisha na ile ya kwanza kwathibitisha kwamba msiba ndio moyo wa kazi hii, kwa kuwa Brewer ameusogeza mbele: ajali inaonyeshwa mwanzoni kabisa, na Ren wa pili amefiwa na mama yake. Kwa akili, hilo ni bora; mtazamaji hana haja ya kungoja daraja ili aelewe, na kijana anasema na mchungaji kama mfiwa kwa mfiwa. Kwa sanaa, limepunguza kitu. Picha ya mwaka 1984 yamwacha mtazamaji kwanza aidharau amri, acheke pamoja na vijana, ajione kuwa ni mwenye busara kuliko mji. Kisha yampeleka darajani, na kicheko chake kinamrudia. Anayeambiwa mapema juu ya maiti huingia nyumbani kwa adabu. Aliyeingia kwa kelele na kukuta maiti hujifunza adabu papo hapo. Ren wa kwanza, ambaye baba yake yu hai lakini hayupo, ni mfiwa asiyekuwa na kaburi, na pale anapomweleza Moore habari za baba huyo, maneno machache yanatosha.

Footloose si kazi kubwa ya senema. Maongezi yake mengi ni mepesi, nyimbo zake mara nyingine huingia mahali ambapo kimya kingefaa zaidi, na mwisho wake unaharakisha kufurahi. Lakini ni kazi iliyouliza swali lenye uzito katika umbo ambalo kijana wa miaka 16 aliweza kulichukua pamoja na wimbo: msiba wa wakubwa ukigeuzwa kuwa sheria ya watoto, nani mwenye haki ya kusema kwamba siku zake zimetimia? Jibu la senema lapatikana mwishoni, nje ya kinu. Moore na mkewe wamesimama gizani, muziki unawafikia kutoka ndani, nao wanacheza, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Hawaingii. Dansi ya ndani ni ya vijana, nayo imepigwa picha kwa taa na kelele zote. Hii ya nje ni fupi, na mtazamaji anayefuata sifa za picha aweza kuipita bila ya kuiona. Anayeitazama mara ya kwanza yampasa aingojee, kwa maana hao wawili ndio waliokuwa wamekaa matanga.